Maji ya kisima wakati wa mafuriko: kuchemsha pekee hakutoshi

WAKAZI wengi wa mijini huamini kwamba maji ya kisima ni salama kwa sababu hutoka chini ya ardhi na huonekana maangavu. Imani hiyo ina ukweli kiasi. Maji ya mvua yanapopenya polepole udongoni, huchujwa na viini vingi vya maradhi hunaswa au kufa njiani. Lakini kazi hiyo ya udongo huhitaji nafasi na muda, na mafuriko huondoa vyote viwili.

Hili si jambo la mashambani tu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 ilieleza kwamba karibu nusu ya maji yote yanayotumiwa majumbani duniani hutoka ardhini. Hapa kwetu, mifereji ikikauka kwa siku mbili tatu, wenye nyumba hukimbilia visima na wachuuzi wa mikokoteni hupata soko. Mnunuzi haulizi mtungi umejazwa wapi.

Hebu tuangalie yanayotokea chini ya miguu yetu. Wakati wa kiangazi, maji ya ardhini huwa yamezama na shimo la choo huwa juu yake, katikati pakiwa na udongo mkavu. Mvua za masika zikizidi, maji hayo hupanda hadi yakafika kwenye shimo. Hapo kinyesi na maji ya kisima huwa kitu kimoja, ingawa kwa macho huwezi kujua.

Mombasa kuna tatizo jingine. Sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye nyufa na matundu, na maji taka hupita humo kama yaliyo ndani ya bomba, bila kuchujwa.

Wataalamu hupendekeza choo kiwe umbali wa angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, na sakafu ya shimo iwe angalau mita moja na nusu juu ya usawa wa maji ya ardhini. Sasa piga hesabu. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita 15 kwa 30. Hata ukichimba kisima pembe moja na choo pembe nyingine, choo cha jirani kiko nyuma ya ua tu. Ushauri huo ni mzuri, lakini katika mitaa yetu mingi hauwezekani.

Utafiti uliofanywa katika mitaa ya mabanda ya Kisumu na kuchapishwa mwaka 2013 ulipata kwamba visima vilivyozungukwa na vyoo vingi ndani ya mita 100 vilikuwa na naitreti na kloridi nyingi zaidi. La kushangaza ni kwamba kwa viini vya kinyesi uhusiano huo haukujitokeza wazi. Viini vina njia nyingine pia za kuingia: maji machafu yanayotiririka hadi mdomo wa kisima, kamba inayoburutwa chini, na ndoo iliyowekwa matopeni.

Njia hizo mwenye kisima anaweza kuziziba. Mdomo uinuliwe kwa saruji na ufunikwe, pembeni pawe na sakafu inayopeleka maji mbali, na ndoo ya kutekea iwe moja, isiyoguswa chini. Kisima kikiwa kimefurikwa, maji yake yasinywewe kabla ya kutolewa yote, kuta kusuguliwa, klorini kutiwa na kuachwa usiku kucha, kisha maji hayo kumwagwa hadi harufu iishe. Baadaye afisa wa afya ya umma aombwe apime.

Kuna sababu ya kujisumbua hivyo. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliandamana na kipindupindu katika sehemu nyingi za nchi, na mafuriko ya 2024, yaliyoua zaidi ya watu 250, yalivuruga vyoo na visima vilevile. Anayeharisha maji kama ya mchele apelekwe hospitali mara moja, huku akinyweshwa lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya msawazo.

Wengi watasema: sisi huchemsha. Vema, maji yakitokota kwa dakika moja viini vya kipindupindu hufa. Lakini moto hauondoi chumvi, wala floraidi inayotia meno rangi ya kahawia katika maeneo ya Bonde la Ufa, wala naitreti. Kwa kweli, kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo naitreti inavyozidi katika yale yaliyobaki.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha naitreti kisizidi miligramu 50 kwa lita. Mtu mzima huweza asidhurike upesi. Mwenye hatari kubwa ni mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo, kwa sababu naitreti huzuia damu yake kubeba hewa ya oksijeni. Midomo na kucha zake zikigeuka rangi ya buluu, asingojewe hadi asubuhi. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe maziwa yalikorogwa kwa maji ya kisima.