Mwene wa Milansi na Wageni Waliopewa Kiti

Atokaye Tunduma kwenda Sumbawanga hupita Laela, kusini mwa uwanda wa Ufipa. Upande huu ulikuwa wa Lyangalile, mojawapo ya dola mbili za Wafipa katika karne ya 19. Ya pili, Nkansi, ilitawala kaskazini. Zote mbili zilikuwa chini ya ukoo mmoja wa kifalme, Watwa. Hata hivyo, masimulizi ya asili ya ufalme hayaanzi na Watwa. Yanaanza na Ntatakwa, aliyeshuka kutoka mbinguni akaweka makao Milansi, karibu na mlima Itweelele.

Je, Ntatakwa aliishi kweli? Swali hilo ni la haki, ila halitufikishi mbali. La maana zaidi ni kazi ambayo jina lake lilifanya katika siasa za Ufipa.

Masimulizi yanaendelea hivi. Mwene (mfalme) wa Milansi, wa nyumba ya Ntatakwa, alikwenda kuwinda, akamwonya mkewe kwamba wageni watakuja, na kwamba asithubutu kuwapa kiti cha ufalme. Wakaja wanawake wageni, waasisi wa Watwa. Mke akaingiwa na hofu, akawakaribisha juu ya kiti kilekile. Mwene aliporudi hakushika mkuki. Aliwaachia nchi, akabaki na Milansi yake.

Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alikichambua kisa hiki katika kitabu alichokitoa mwaka 1981. Aliona ndani yake mkataba. Watwa walichukua utawala wa nchi, lakini Milansi ikabaki na ukubwa wa kiibada: ndiyo kichwa, nyumba ya kale ambayo wenye nguvu walipaswa kuiheshimu. Kwa hiyo kisa kilimpa mtawala uhalali, na papo hapo kilimwekea mpaka, kwa kuwa kila kiliposimuliwa kilimkumbusha kwamba alikuja akiwa mgeni.

Kisa cha namna hii si cha Ufipa peke yake. Huko Sweden, miaka ya 1080, Mfalme Inge alikuwa Mkristo, akakataa kuongoza tambiko la kale. Saga (simulizi ya kale) iliyoandikwa katika karne ya 13 inasema watu walimfukuza kwa mawe. Shemeji yake, Sven, akajitolea kutambika badala yake: farasi akachinjwa, mti mtakatifu ukapakwa damu, naye akatawazwa. Baada ya miaka mitatu Inge alirudi, akaichoma moto nyumba ya Sven na kumuua. Wanahistoria wanabishana kama Sven aliishi kweli, lakini simulizi lake linadokeza kwamba, machoni pa waliolisimulia, kwa Waswidi wengi wa wakati ule asiyetambika hakustahili kutawala. Kule tambiko na utawala viligombaniwa hadi damu ikamwagika. Masimulizi ya Ufipa yanavigawa kwa nyumba mbili, kila moja ikabaki na chake.

Nyuma ya masimulizi yapo mambo yanayoshikika. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia Mtanzania, amechunguza ufuaji chuma wa Ufipa na kutofautisha tekinolojia zake: matanuru madogo ya katukutu, na malungu, matanuru marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Uwanda huu ulikuwa na mafundi na jembe la kulimia muda mrefu kabla ya utawala wa Wajerumani. Joseph Thomson, mpelelezi Mskoti aliyepita hapo mwaka 1880, aliwasifu Wafipa kwa bidii ya kilimo na kwa utulivu wao.

Mwaka 1963 sheria ilifuta utawala wa machifu Tanganyika, na mamlaka ya Watwa yakaisha kiserikali. Masimulizi hayakuhitaji idhini ya serikali. Ndiyo maana yanastahili kurekodiwa kwa Kifipa, toleo la Milansi kando ya matoleo ya Nkansi na Lyangalile, bila kuyalazimisha yafanane: pale yanapopishana ndipo panapoonekana kila nyumba ilidai nini.