Kwa Nini Tarakimu za Hundi Zimevimba Upande Mmoja

Msomaji wa Kitale, mkulima wa mahindi ambaye amewahi kulipwa kwa hundi na Halmashauri ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB), ameniuliza swali lililonifurahisha sana. Tumeambiwa kwamba siku hizi karatasi ya hundi haisafiri, husafiri picha yake tu. Iwapo ni hivyo, kwa nini zile tarakimu za chini bado huchapwa kwa wino wa pekee, tena kwa maumbo ya ajabu, nyembamba huku na nene kule?

Kuhusu picha, ni kweli. Zamani hundi ya tawi la Nairobi ikiwekwa Kitale au Bungoma, karatasi yenyewe ilipaswa kusafirishwa hadi ifike kwa benki itakayolipa. Tangu Agosti 2011, chini ya mpango wa Benki Kuu ya Kenya na Chama cha Mabenki, tawi linaloipokea huipitisha kwenye skana, kisha picha na data zake hutumwa Nairobi. Hayo yanatosha. Utamu wote umo kwenye ule mstari wa chini.

Watu wa benki huuita maika. Mimi nitauita mstari wa sumaku, maana wino wake una chembe za oksidi ya chuma, na mashine haiusomi kwa macho bali kwa kuhisi. Mbinu hii ilibuniwa Marekani miaka ya 1950 katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, kwa ajili ya Bank of America iliyokuwa ikizama katika hundi. Mhandisi Kenneth Eldredge ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wake. Maumbo yenyewe huitwa E-13B, na yako kumi na manne: tarakimu kumi na alama nne za kuonyesha sehemu moja ya mstari inapoishia na nyingine inapoanzia.

Hundi ikiingia kwenye mashine, hutangulizwa ukingo wa kulia. Kichwa cha kwanza huutia wino usumaku, halafu kichwa cha pili husikiliza. Nasema husikiliza kwa makusudi, kwa sababu kichwa hicho hakipimi kiasi cha wino kilicho mbele yake. Kinachokiamsha ni mabadiliko ya kiasi hicho.

Mfikirie abiria aliyefumba macho ndani ya matatu inayotoka Kitale kwenda Bungoma kwa njia ya Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Gari likipanda tuta, mwili wake unarushwa juu. Likiwa juu ya tuta pana, hahisi lolote, ni kama yuko tambarare. Likishuka, tumbo linazama. Abiria huyu hajui kimo cha barabara, anajua kupanda na kushuka tu, lakini akiwa amezoea njia, hayo yanamtosha kujua amefika wapi. Hakuna haja ya kuchungulia dirishani.

Kichwa cha kusomea ndicho abiria huyo, na kila safu wima ya wino ni tuta. Chukua tarakimu 0. Ukuta wake wa kulia unapofika, umeme hupanda ghafla, ukuta ukipita na uwazi wa katikati kuanza, umeme huzama, ukuta wa kushoto ukifika, hupanda tena, ukiondoka, huzama. Kupanda, kuzama, kupanda, kuzama, na katikati kimya. Tarakimu nyingine ina mapigo yake, makubwa au madogo, ya karibu au ya mbali. Dereva akikanyaga mafuta, matuta hukaribiana na kishindo huongezeka, ndiyo sababu magurudumu ya mashine lazima yazunguke kwa mwendo usiobadilika. Mahali ambapo wino umekatika ni shimo barabarani, na abiria huhesabu mrusho ambao haukustahili kuwepo. Na muhuri wa duka uliogongwa juu ya tarakimu? Hilo ni vumbi kwenye kioo cha dirisha. Wino wa muhuri wa kawaida hauna chuma, na aliyefumba macho hajali vumbi.

Sasa uvimbe ule una maana. Kichwa hujumlisha wino wote ulio kwenye safu wima moja, kuanzia juu hadi chini, bila kujua upi uko juu na upi uko chini. Ukiziandika 2 na 5 kwa mwandiko wa kawaida wa miraba, moja ni nyingine iliyopinduliwa kichwa chini, na mashine ingepata wimbi lilelile kwa zote mbili. Pesa za mtu wa Bungoma zingeishia kwa jirani yake. Ilibidi kila umbo lichongwe upya, hapa linenepeshwe, pale lipunguzwe, hadi mawimbi yote kumi na manne yatofautiane. Nayaona kuwa miongoni mwa maumbo mazuri kabisa yaliyowahi kuchorwa, kwa sababu kila unene uliopo unafanya kazi.

Kwa hiyo mchapaji wa hundi hana nafasi ya kubahatisha. Maumbo hupangwa kwenye miraba ya inchi 0.013, yaani milimita 0.33, na nguvu ya mawimbi lazima iwe kati ya asilimia 50 na 200 ya kipimo cha rejea. Baada ya kuchapa, mstari husomwa tena kwa mashine na kulinganishwa na orodha iliyotoka benki: nambari ya akaunti, ya tawi, na ile ya hundi, ambayo lazima ilingane na nambari iliyochapwa juu. Hundi iliyotolewa kwa printa yenye wino usio na chuma inaweza kulidanganya jicho, lakini kwenye kichwa cha kusomea ni bubu.

Na hapo ndipo jibu la mkulima wetu lilipo. Skana ya tawini huusoma mstari uleule kwa njia mbili zisizohusiana: kwa sumaku, na kwa kuzitambua tarakimu kwenye picha. Mkunjo unaweza kuisumbua sumaku na usiiguse picha. Muhuri huiharibu picha na sumaku isitambue kama kuna muhuri. Ni nadra kosa moja kuzipotosha zote mbili kwa namna ileile. Ukanda wa chini wa takriban milimita 16 haupaswi kuwa na kitu kingine isipokuwa mstari huu, basi usitie sahihi wala muhuri hapo. Njia hizo mbili zikipingana hata kwa tarakimu moja, hundi huwekwa kando, na karani huifungua picha, akaitazama tarakimu hiyo kwa macho yake na kuiandika mwenyewe.