Kutafuta Nyaraka na Misimbo ya Mfano ya Huduma za Kompyuta Zinazoamshwa kwa Ombi: Suala la Istilahi

Makala hii inaeleza mahali zinapopatikana nyaraka za huduma za kompyuta zinazoamshwa kwa ombi, na namna istilahi inavyoweza kumfikisha au kumpoteza msomaji wa Kiswahili anayezitafuta.

Kila mfumo endeshi una programu zinazofanya kazi bila kuonekana kwenye kioo. Baadhi hukesha tangu kompyuta inapowashwa. Nyingine hulala hadi zihitajiwe. Programu ya inetd, iliyokuja na mfumo wa 4.3BSD mwaka 1986, ilikuwa mfano wa bawabu: ilisikiliza milango ya mtandao kwa niaba ya huduma nyingi, na mgeni alipobisha ikaiamsha huduma iliyohusika. Wazo hilo liliendelezwa na launchd ya Apple katika Mac OS X 10.4 mwaka 2005, kisha na systemd ya Linux mwaka 2010.

Nyaraka za kwanza za kutazamwa zimo ndani ya mashine yenyewe. Hizo ni kurasa za mwongozo, desturi ya Unix tangu mwaka 1971, zinazofunguliwa kwa amri ya man na kutafutwa kwa amri ya apropos. Anayeshughulikia launchd ataanzia ukurasa wa launchd.plist, wa systemd ataanzia systemd.socket, kisha sd_listen_fds, unaoeleza jinsi huduma inavyokabidhiwa soketi ambayo tayari imefunguliwa. Kwa kawaida kurasa hizo husakinishwa pamoja na programu zinazoieleza, hivyo hulingana na toleo linalotumika. Vitabu vya mafunzo havina sifa hiyo.

Ugumu mkubwa umo katika misimbo ya mfano. Kwa desturi ya zamani, huduma ya Unix ilijizalia nakala, mzazi akafa, mtoto akabaki akifanya kazi peke yake. Chini ya launchd utaratibu huo umekatazwa: mzazi akifa, msimamizi huamini kwamba huduma yenyewe imekufa. Anayenakili mfano wa zamani hupata programu iliyoandikwa vizuri lakini isiyodumu, na ujumbe wa kosa, ukiwapo, haumwambii kwamba tatizo ni umri wa mfano. Vivyo hivyo, mifano ya awali ya launchd ilichukua soketi kupitia launch_msg, ilhali tangu OS X 10.10 ya mwaka 2014 kazi hiyo inafanywa na launch_activate_socket. Kwa hiyo tarehe ya mfano ni sehemu ya maana yake.

Hapa ndipo istilahi inapoingia. Neno la Kiingereza “daemon” lilianza kutumika katika Mradi wa MAC huko MIT mwaka 1963, likitokana na kiumbe wa kufikirika wa mwanafizikia Maxwell aliyepanga molekuli bila kuchoka. Kulitafsiri kwa “pepo” au “jini” ni kuleta mizigo ambayo waliolibuni hawakuikusudia. “Huduma ya usuli” ni tafsiri safi zaidi, ila inataja mahali programu inapofanyia kazi na kunyamazia jinsi inavyoanza. Huduma inayokesha na ile inayoamshwa zote ni za usuli, na tofauti yao ndiyo inayoamua ni ukurasa upi usomwe. Inafaa basi kuwe na istilahi mbili: “huduma ya usuli” kwa jumla, na “huduma ya kuamshwa” kwa aina hii.

Jambo OpenOffice, iliyotolewa na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilithibitisha kwamba menyu zinaweza kuzungumza Kiswahili. Hata hivyo, menyu ni maneno mafupi; mwongozo ni hoja. Wanaopanga kugharimia tafsiri ya miongozo wanashauriwa kuyaacha majina ya amri, faili na vitufe vya usanidi kama yalivyo, maana bila hayo msomaji hawezi kutafuta chochote. Kinachostahili kutafsiriwa ni maelezo, pamoja na maoni yaliyomo ndani ya misimbo ya mfano, ambayo wafasiri huyaruka mara nyingi mno. Pa kuanzia ni ukurasa wa daemon katika sehemu ya 7 ya mwongozo wa systemd: unaeleza mtindo wa zamani na mtindo mpya mmoja baada ya mwingine, na asiyeielewa vyema lugha yake huweza kufuata hatua za ule usiomfaa.