Chanjo, Virusi na Mzunguko wa Hedhi

Mwishoni mwa Desemba 2020, chanjo ya UVIKO-19 ilipoanza kutolewa katika nyumba za kutunzia wazee huko Minnesota, Marekani, wahudumu walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuchanjwa. Katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, wahudumu wengi wa kazi hiyo ni wanawake waliotoka Kenya, Somalia, Ethiopia na Liberia. Ndiyo maana swali lililozuka miezi michache baadaye liliwafikia mapema: mbona baada ya sindano hedhi imechelewa, au imekuja nzito kuliko kawaida?

Waliouliza hawakuwa wakijidanganya. Mabadiliko hayo yapo, ingawa ni madogo na hupita.

Hedhi huongozwa na haipothalamasi iliyo ndani ya ubongo, tezi ya pituitari iliyo chini yake, na mifuko ya mayai. Haipothalamasi huiamsha pituitari, pituitari hutoa homoni, na homoni hulipevusha yai. Yai likishatoka, ukuta wa mji wa mimba hukaa tayari. Mimba isipotunga, homoni hushuka, ukuta hubomoka na damu hutoka. Kwa mtu mzima, mzunguko wa siku 24 hadi 38 ni wa kawaida, na damu haipaswi kuzidi siku 8.

Virusi vinapoingia mwilini, kinga humwaga kemikali za kuitana na kujihami. Ndizo zinazoleta homa na maumivu ya viungo. Kemikali hizo hizo huweza kuigusa haipothalamasi na kuchelewesha kupevuka kwa yai, na yai likichelewa, hedhi nayo huchelewa. Isitoshe, ukuta wa mji wa mimba una seli nyingi za kinga zinazoshiriki kuubomoa na kuujenga upya, kwa hiyo kinga ikichangamka, damu inaweza kuongezeka. Chanjo haileti ugonjwa wenyewe, lakini huiamsha kinga kwa siku chache.

Ushahidi unaafikiana na maelezo hayo. Utafiti ulioongozwa na Dkt. Alison Edelman wa Oregon, uliochapishwa Januari 2022, ulitumia kumbukumbu za wanawake 3,959 wa Marekani waliokuwa wakiandika siku zao kwenye programu ya simu. Mzunguko uliongezeka kwa wastani wa chini ya siku moja kwa kila dozi, na idadi ya siku za kutoka damu haikubadilika. Waliopata dozi mbili ndani ya mzunguko mmoja walichelewa kwa takriban siku mbili. Uchambuzi mpana wa mwaka huo huo, uliohusisha watu 19,622 wa nchi mbalimbali, ulifikia matokeo yanayofanana. Baadaye ilidhihirika kuwa ucheleweshaji huwapata hasa wanaochanjwa kabla yai halijatoka. Kuhusu wingi wa damu, Oktoba 2022 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilishauri hedhi nzito itajwe katika maelezo ya chanjo za UVIKO-19 za aina ya mRNA.

Ugonjwa wenyewe nao haukuiacha hedhi salama. Kati ya wagonjwa 177 wa UVIKO-19 waliochunguzwa nchini China mwanzoni mwa janga, takriban robo waliona damu ikibadilika wingi, na asilimia 28 waliona mzunguko ukiyumba. Wengi wao walirejea hali ya kawaida ndani ya mwezi mmoja au miwili baada ya kutoka hospitali.

Siku moja inaweza kuonekana si kitu, lakini kwa mwanamke Mwislamu wa mtaa wa Cedar-Riverside, Minneapolis, ndiyo inayoamua kama leo ataswali na kufunga. Wala jambo lenyewe si geni: tangu 1913 majarida ya kitabibu ya Marekani yalikwisha kuandika juu ya hedhi kuvurugika baada ya chanjo ya homa ya matumbo. Hata hivyo, majaribio makubwa ya chanjo za UVIKO-19 hayakufuatilia hedhi. Taasisi za afya za Marekani zilitenga dola milioni 1.67 kwa utafiti wa hedhi na chanjo hizo Agosti 2021, mamilioni wakiwa wamekwisha kuchanjwa.

Uvumi huota mahali ambapo maelezo hayakutolewa. Kenya mwaka 2014 ilitikiswa na madai kwamba chanjo ya pepopunda inafunga uzazi, madai ambayo WHO na UNICEF waliyakanusha. Minnesota nako, hofu kwamba chanjo ya surua huleta usonji ilishusha uchanjaji wa watoto wa jamii ya Wasomali kutoka asilimia 92 mwaka 2004 hadi 42 mwaka 2014. Mwaka 2017 surua ikalipuka na kuwapata watu 75, wengi wao watoto wa jamii hiyo.

Je, chanjo ya UVIKO-19 inazuia mimba? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waliwafuatilia wanandoa zaidi ya 2,000 waliokuwa wakitafuta mtoto. Chanjo haikupunguza uwezekano wa kupata mimba, awe aliyechanjwa ni mke au mume. Kilichopunguza uwezekano huo kwa muda ni mume kuugua UVIKO-19 karibuni.

Usiitwike chanjo kila lawama. Zamu za usiku, ambazo wahudumu wengi wa wazee wanazijua vyema, huweza kuvuruga mzunguko. Ndivyo ilivyo pia kwa msongo wa mawazo, kupungua uzito ghafla, ugonjwa wa tezi ya shingo, na sindano au vijiti vya uzazi wa mpango. Hedhi ikichelewa, pima mimba kwanza.

Mwone daktari ikiwa unajaza pedi kila saa kwa saa mbili au zaidi, hedhi imekosekana miezi mitatu, damu inatoka baada ya tendo la ndoa, au imerudi baada ya kukoma kwa mwaka mzima. Andika tarehe ya hedhi yako kila mwezi, na uitaje unapokwenda kuchanjwa. Nanyi mnaotengeneza chanjo, ulizeni kuhusu hedhi tangu siku ya kwanza ya majaribio.