Mahali Wazo Linapopimwa: Mikutano ya Wataalamu wa Kompyuta

Mwanafunzi wa Ikuti, wilayani Rungwe, atumapo picha kwa simu hadi Dar es Salaam, picha hiyo haisafiri ikiwa nzima. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba anwani yake na namba yake, nazo zifikapo mwisho wa safari hupangwa upya. Kwa utaratibu huo watu wengi hutumia njia moja bila kungojana.

Wazo hilo lilipata nguvu mkutanoni. Mwezi Oktoba 1967 wataalamu walikusanyika Gatlinburg, mji mdogo wa milimani nchini Marekani, katika kongamano la kwanza la kanuni za mifumo endeshi, yaani programu zinazogawa kazi na kumbukumbu ndani ya kompyuta. Lawrence Roberts alieleza mpango wa Marekani wa kuunganisha kompyuta zilizo mbalimbali. Roger Scantlebury wa Uingereza naye akasoma makala ya kundi la Donald Davies, ambalo lilikuwa limekwisha kuchunguza usafirishaji wa pakiti. Tena akamwelekeza Roberts kwenye maandishi ya Mmarekani Paul Baran, aliyekuwa amefikia wazo kama hilo peke yake. Mpango ukarekebishwa: njia zilizokusudiwa kupitisha biti 2,400 kwa sekunde zikawa za biti 50,000. Tarehe 29 Oktoba 1969 ujumbe wa kwanza ukapita katika ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti ya leo.

Katika sayansi nyingi matokeo ya utafiti hutangazwa kwanza majaridani. Katika utafiti wa mifumo ya kompyuta, aghalabu mkutano ndio hushika nafasi ya jarida. Sababu ni wakati. Mkulima wa Rungwe anajua kwamba jani la chai lililochumwa asubuhi halingoji kesho kupelekwa kiwandani. Utafiti wa kompyuta nao huchakaa upesi, kwa kuwa mitambo yenyewe hubadilika kila mwaka.

Hata hivyo, haraka hiyo haiondoi ukali wa mtihani. Makala hupelekwa kwa kamati miezi kadhaa kabla ya mkutano, mara nyingi bila jina la mwandishi, ili asipendelewe wala kuonewa. Wataalamu kadhaa huisoma, huuliza vipimo vilipatikanaje, na hukataa sehemu kubwa ya makala zinazoletwa. Mwandishi aliyepita husimama mbele ya wenzake na kujibu maswali yao.

Hapo ndipo umbali unapoumiza. Kongamano lililoanzia Gatlinburg halikufanyika Afrika hata mara moja kati ya 1967 na 2025. Mtafiti wa Tanzania hana budi kutafuta viza, nauli na ada ya kuingilia. Akikosa kimoja, swali lake hubaki nyumbani. Na swali hilo lina thamani: mfumo uliopimwa mahali ambapo umeme haukatiki waweza kufaulu mtihani huko, kisha ukashindwa katika kijiji ambacho mtandao wake ni hafifu.

Pengo hilo limeanza kupungua. Mwezi Mei 2012 mkutano wa IST-Africa, unaohusu teknolojia ya habari, ulifanyika Dar es Salaam. Mwezi Mei 2023 mkutano wa kimataifa wa ICLR, unaohusu mashine zinazojifunza, ulifanyika Kigali. Aidha, tangu 2008 chama cha USENIX huwawezesha watu wote kusoma makala za mikutano yake bila malipo. Mwalimu mwenye intaneti huko Ikuti aweza kusoma makala ile ile isomwayo California.

Kusoma peke yake hakutoshi. Yafaa kujizoeza kuhojiwa. Klabu ya sayansi ya shule haihitaji kompyuta ili ianze. Kila mwanafunzi na aandike ukurasa mmoja juu ya jaribio alilolifanya, jina lake liondolewe, wenzake watatu waukosoe kwa hoja, kisha asimame kuutetea. Atakayezoea hivyo hatakuwa mgeni siku atakapoitwa mbele ya kongamano.