Warsha Huanza Kabla ya Ukumbi

Ukitaka kujua kama mafunzo ya wafanyakazi wa asasi yatakuwa shirikishi, usingoje siku ya ufunguzi. Omba ratiba. Ukikuta mada saba kwa siku, kila moja na mtoa mada wake, na majadiliano yamebanwa dakika kumi kabla ya chai, jibu umelipata. Vikundi vitaundwa, mabango kitita yatabandikwa ukutani, michezo ya kuchangamsha itachezwa, na bado watu watarudi vituoni na madaftari mapya na tatizo lile lile.

Chukua mafunzo ambayo asasi nyingi haziyaepuki: kurejesha masurufu. Mhasibu analalamika kwamba maofisa wa mradi wanachelewesha marejesho na viambatisho vina kasoro. Kwa kawaida atasimama mbele na slaidi arobaini za mwongozo wa fedha, nyingi kwa Kiingereza, huku wenzake wakiitikia kwa vichwa. Mwezeshaji makini huanza wiki mbili kabla. Anawapigia simu maofisa wachache, na mhasibu pia, anawauliza marejesho ya mwisho yalikwama wapi. Anaomba nakala za viambatisho vilivyokataliwa, anafuta majina, anazitia kwenye bahasha. Siku ikifika, kila kikundi kinapewa bahasha na kazi moja: leo ninyi ndio idara ya fedha, amueni kipi kipite na kipi kirudishwe, na mtoe sababu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi iliyochanwa kwenye daftari: bodaboda, barabara kuu hadi kijijini na kurudi, shilingi 20,000, sahihi na namba ya simu. Kikundi kimoja kinaipitisha, kingine kinaikataa katakata. Mabishano yanapamba moto. Ofisa wa wilayani anaeleza kwamba dereva yule hana mashine ya risiti, wala mama lishe aliyewapikia wajumbe wa kikao hana. Mhasibu naye, safari hii akiwa amekaa nao meza moja, anaeleza mkaguzi huwa anatafuta nini. Kabla ya chakula cha mchana wanaweza kuwa wameandika pamoja rasimu ya hati ya malipo kwa muuzaji asiye na risiti. Zile slaidi zitolewe kama kitini, asome mwenye kuhitaji.

Tanzania imewahi kufanya mafunzo ya namna hii kwa kiwango kikubwa mno. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwaweka watu takribani milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliandaliwa kwa ngazi, na hawakutakiwa kuwa mabingwa wa tiba. Kazi yao ilikuwa kuendesha mazungumzo. Kipindi cha redio kikiisha, kikundi kilisoma kijitabu, kikajadili, kikakubaliana cha kufanya, na vyoo vikachimbwa kwa mamia ya maelfu. Naipenda hesabu ile ya muda: maelezo mafupi, mazungumzo marefu, kisha uamuzi. Warsha zetu nyingi zimeipindua.

Katika muongo huohuo, Anne Hope na Sally Timmel walikuwa Kenya wakifundisha kwa kufuata mawazo ya Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazil. Vitabu vyao, Training for Transformation, vilivyotoka Zimbabwe mwaka 1984, vinamtaka mwezeshaji asikilize kwanza yale ambayo watu huyazungumza kwa uchungu, hofu au matumaini, ndipo apange somo. Zile simu za wiki mbili kabla ni usikilizaji huo huo.

Cheo nacho kinataka kupangiwa. Mkurugenzi akikaa katika kikundi, wengine wanamsubiri aseme ndipo wakubaliane naye. Afadhali wakuu wawe na kikundi chao, na maoni ya awali yaandikwe kwenye kadi bila majina. Na madereva? Mara nyingi wanaachwa nje na magari, ilhali wamekwenda kila safari ya mradi na wanajua bodaboda ya kijiji gani inatoza kiasi gani. Waingie, wapewe posho kama wenzao, na wasiitwe katikati ya kikao kwenda kununua maji.

Jioni ya mwisho hugawiwa fomu ya tathmini, nayo hujaa sifa za chakula na ukumbi. Kipimo cha mafunzo ya masurufu kiko kwenye faili la mhasibu: miezi mitatu baadaye, ni marejesho mangapi bado yanarudishwa, na kwa kasoro zipi? Kwa hiyo, bajeti ikibana, ningekata siku moja ya ukumbi na posho zake, fedha hizo zimpeleke mwezeshaji wilayani akakae na ofisa mezani kwake, wajaze pamoja marejesho ya mwezi huo.