Mwenye Ugonjwa wa Sukari na Mbu wa Mchana

Mkulima wa Malili, wewe wajua thamani ya pipa la maji mvua zikiisha. Lakini pipa lisilofunikwa hulea mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, ambaye huuma mchana. Chandarua cha usiku hakitoshi kumzuia. Ndiye aletaye homa ya kidingapopo, iliyowashika watu wengi Mombasa mwaka 2013 na tena 2017. Barabara ya Mombasa yapita hapa Malili. Msafiri akija na homa hiyo mwilini, mbu wa namna hii akimwuma, huipeleka kwa mwingine. Basi soma vizuri, hasa ikiwa wewe au mzee wa nyumbani ana ugonjwa wa sukari.

Wengi wakipata kidingapopo hupona kwa juma moja au zaidi kidogo. Lakini kikiwa kikali, mishipa ya damu huvujisha maji, na mishipa ya mwenye sukari mara nyingi imekwisha dhoofika. Tena homa hupandisha sukari, mtu akakojoa sana, akazidi kukaukiwa.

Kumwaga maji ya pipa hakutoshi. Mbu huyu hutaga ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, na mayai hukaa makavu miezi mingi bila kufa, yakingoja mvua. Kila juma sugua pipa ndani kwa brashi, na maji ya kusuuzia uyamwage penye udongo mkavu, viluwiluwi vife. Kisha funika kabisa. Tangi kubwa, ziba matundu yake kwa wavu. Mipira ya magari iliyochakaa iwekwe chini ya paa.

Mwenye sukari akishikwa na homa ya ghafula, na maumivu ya viungo na nyuma ya macho, aende hospitali siku hiyo hiyo. Asiache insulini kwa kuwa hana hamu ya kula. Apime sukari mara nyingi, anywe maji, na amwulize daktari juu ya dawa zake. Kwa maumivu asimeze aspirini wala ibuprofeni, maana huongeza kutoka damu, parasetamoli yafaa. Aliyepewa aspirini ya kila siku kwa ajili ya moyo amwambie daktari.

Homa ikishuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, watu husema amepona, arudi shambani. Hapo ndipo penye hatari. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, akitoka damu puani au kwenye fizi, au akilegea, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.